Atembee na Mtu

Hospitali waliniruhusu nikiwa na karatasi moja. Juu zimeandikwa dawa, na chini, kwa mwandiko wa mtu mwenye foleni mlangoni: "Atembee kila siku. Asitembee peke yake. Atembee na mtu." Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyepewa karatasi kama hiyo, ukaitazama, kisha ukaitazama nyumba yako na kuona kwamba huyo mtu hayupo.

Mimi ni fundi cherehani. Karatu wananiita Mama Resti, kwa jina la binti yangu wa pekee, Restituta, aliyeolewa Arusha. Baba yake alitutangulia miaka tisa iliyopita. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka karibu na soko, na nyumba yangu iko upande wa Ayalabe, mwendo wa dakika arobaini kwa mtu ambaye miguu yake miwili inasikilizana. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikwenda na kurudi kwa mguu. Usidhani ni kwa ajili ya afya. Naziogopa bodaboda. Wenzangu walisema ni ubahili, nami sikubishana nao kwa sababu na ubahili ulikuwemo.

Nilishaambiwa nina presha kabla ya kulazwa, nikaandikiwa vidonge. Nikameza mwezi mmoja, nikaacha. Nilijiambia, mtu anayepanda kile kilima kila jioni bila kuhema atakuwaje mgonjwa? Hili ni kosa langu, na nalisema mapema kwa sababu wapo walionishauri baadaye nimtafute aliyenifanyia. Aliyenifanyia ni mimi.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, wakati wa kuvuna mbaazi, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nashona sare za wahudumu wa loji moja. Uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikaulamba, nikajaribu tena, na mara mkono wa kulia ukashuka wenyewe ukalala juu ya kitambaa. Mteja mmoja akafika akauliza kama suruali yake iko tayari. Nikamjibu, "Kitunguu." Nilijua kabisa nilichotaka kusema. Nikarudia, kikatoka kitunguu tena. Yule mteja akanuna, akidhani namfanyia mzaha, maana kwa mzaha najulikana. Mwenzangu wa cherehani ya pili ndiye aliyenitazama usoni akasema, "Mama Resti, mdomo wako umekwenda wapi?" Ulikuwa umekwenda shavuni.

Nililazwa wiki tatu. Sitaeleza mambo ya mishipa na damu, wapo wanaoyajua. Nitakueleza kwamba nilivishwa nepi, mimi niliyewashonea watu magauni ya harusi. Nitakueleza pia kwamba palikuwa na nesi mmoja ambaye kila alipotaka kunigeuza alisema kwanza, "Mama, naomba nikugeuze," akasubiri, kana kwamba ningeweza kukataa. Sikuwa na uwezo wa kujibu. Lakini kule kuomba kwake nilikusubiri kila zamu kuliko chakula.

Nyumbani, wiki ya kwanza walijaa. Sukari, mchele, maombi, pole nyingi. Wiki ya pili walipungua. Kisha mvua za vuli zikanyesha, kila mtu akashika jembe, na siwezi kumlaumu mkulima kwa kuikimbilia mbegu yake. Resti alikaa siku alizoruhusiwa kazini, akarudi kwa mume na watoto. Jirani mmoja alikubali kunipikia asubuhi na jioni. Katikati ya asubuhi na jioni nilikuwa mimi na ukuta.

Lakini kukaa peke yangu hakukuniuma kama kukaa na watu. Maneno yalikuwepo kichwani, yamepangwa vizuri kabisa, ila mlangoni yanatoka mengine au hayatoki. Mgeni anakuuliza jambo, unahangaika na neno moja, yeye anakumalizia, tena anakosea, halafu anajijibu mwenyewe na kuaga. Nikajifunza kunyamaza ili nisiwachoshe. Nililia sana siku hizo, na hata machozi yalitoka zaidi upande mmoja.

Kila Jumanne nilikwenda kwa yule tuliyemwita daktari wa mazoezi, kijana mpole mwenye raba nyeupe. Kabla ya kumwona unakaa kwenye benchi nje, saa mbili, saa tatu. Benchi lile limejaa watu wa nusu: huyu mkono, yule mguu, yule jicho halifumbi. Hatusalimiani kwa kupeana mikono, kwa sababu kila mmoja anangoja aone mwenzake atautoa upi.

Ndipo nilipomwona Mzee Parmitoro. Hakukaa kwenye benchi, alikaa chini, mgongo ukutani, shuka lake limekunjwa vizuri na fimbo imelala mapajani. Alikuwa Mmasai, mfugaji wa Olbalbal, huko Ngorongoro. Kiharusi kilimkuta kwenye ng'ombe, na mwanawe, Elia, fundi magari hapa Karatu, akamchukua akaishi naye kwenye vyumba alivyopanga, si mbali na kwangu. Mimi ubovu uko kulia, yeye kushoto.

Siku hiyo aliitwa kabla yangu, na mlango ulibaki wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mzee, lazima utembee," kijana alimwambia. "Kutembea kunasaidia ubongo."

"Mimi?" Mzee alisema. "Mimi nimetoka Olbalbal na ng'ombe mpaka Engaresero, nikarudi. Siyo mara moja. Mguu yangu hii imetembea kuliko gari yako. Kama kutembea ni dawa, mbona hii kitu imenipata mimi?"

Lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimelibeba tangu wodini na sikuwa na ulimi wa kuliuliza.

"Siwezi kukuapia, mzee," kijana alisema. "Kutembea hakufungi mlango wote, na presha ina mambo yake. Lakini tunaona wengi waliokuwa wanatembea sana, kikiwapiga, hakiwaharibu sana, na wanainuka upesi. Kama si miguu hiyo, labda leo ningekuwa nazungumza na mwanao, na wewe uko kitandani hujui kilichokupata. Lakini uko hapa, unaniuliza."

Mimi nilitazama miguu yangu, ule mzima na ule mzito, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi sikuwa na hasira nayo.

Zamu yangu ilipofika, kijana aliniuliza natembea na nani. Nikakifungua kiganja changu cha kushoto kumwonyesha: hamna. Akawaza kidogo, akatoka, akamrudisha Mzee ndani. Akatusimamisha sote wawili, mimi kushoto, yeye kulia, ubovu wetu katikati na fimbo zetu nje, bega kwa bega. "Hivi," alisema. "Mmoja akiyumba anamkuta mwenzake."

Tukaanza. Kila asubuhi Mzee alikuja mpaka nje ya ua wangu, akakohoa. Hakuita. Nami nilitoka na fimbo, tukashika njia ya mashine ya kusaga, tukarudi. Na jioni hivyo hivyo. Wiki ya kwanza hatukuifikia mashine. Tope la vuli la Karatu unalijua kama umewahi kulikanyaga. Linang'ang'ania kiatu cha mtu mzima, sembuse mguu unaoburuta vidole. Ndala yangu ya kulia ililika mbele mpaka kidole kikachungulia. Watu waliotupita walitupa methali: mwenda pole hajikwai. Anajikwaa vizuri tu, muulize mwenye kiharusi.

Mzee hakujua Kiswahili kingi, na mimi sikuwa na maneno mengi, tukatoshana. Yeye aliusema vibaya mguu wake kwa Kimasai, mimi wangu nikausema kwa Kiiraqw, na hakuna aliyejua mwenzake ametukana nini. Nilipokwama kwenye neno alisimama, akangoja. Hakunimalizia hata siku moja. Kuna asubuhi nilitafuta neno "ukungu" kuanzia nyumbani mpaka karibu na mashine, nalo likaja, nikalisema, naye akaitikia, "Ee, ukungu," kama vile nimelisema sasa hivi bila shida yoyote. Ukungu wenyewe ulikuwa umeshaondoka.

Mvua zilipokatika tulikuwa tunafika barabara ya lami. Kidole gumba changu kilianza kugusana na cha pili. Nikashika kikombe. Na ulimi ukafunguka pamoja na mguu, sijui kwa nini, sentensi fupi fupi lakini zangu.

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwangu. Baada ya sala wakanywa chai, na Mama Yasinta, mwenyekiti wetu, akaweka kikombe chini akasema kwa sauti ya taratibu, "Mama Resti, tunasikia siku hizi unatembea na Mmasai."

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Kwangu kutembea kulikuwa mguu na fimbo, na nilikuwa sijawahi kuulizwa swali ninaloweza kulijibu lote. Nikafurahi.

"Ndiyo," nikasema. "Natembea naye. Kila siku. Asubuhi na jioni."

Mtu mmoja alipaliwa na chai.

"Daktari ndiye aliyetukutanisha," nikaendelea, polepole, neno baada ya neno, wote wamenyamaza. Nilidhani wananistahi. "Mwanzo nilikuwa nachoka haraka. Sasa naweza hata saa nzima."

Wakaaga mapema siku hiyo. Hakuna aliyenimalizia sentensi hata moja.

Wiki haikuisha, Resti akafika na gari la mumewe. Alisimama katikati ya chumba bila kuvua koti. "Mama, unatembea na nani?"

"Mzee Parmitoro."

"Mama! Unaniambia hivyo hivyo machoni? Wifi zangu wamesikia. Mume wangu amesikia."

Alikuwa ameshaweka nguo zangu kwenye begi. Tulikuwa tayari tumepita Rhotia, tunateremka kuelekea Mto wa Mbu, nilipoelewa Mama Yasinta aliniuliza nini, na mimi nilimjibu nini. Nikacheka. Nikacheka mpaka udenda ukanitoka, Resti akasimamisha gari akidhani ni kiharusi kingine.

"Mguu," nikamwambia. "Tunatembea kwa mguu. Mazoezi."

Alizima gari, akanigeukia. "Lisemwalo lipo, mama."

"Na kama halipo laja," nikasema. "Nina miaka hamsini na nane na mguu mmoja. Laja kutoka wapi?"

Nadhani aliniamini. Lakini aliwasha gari tukaendelea, kwa sababu watu walikuwa wameshasema. Sikumuaga Mzee. Asubuhi iliyofuata bila shaka alikuja akakohoa nje ya ua.

Masika yote niliyamaliza Arusha kwenye sofa. Nataka uelewe kwamba nilipendwa. Nikitaka maji, "Usiinuke mama, nitakuletea." Nikitaka rimoti, "Usiinuke." Wajukuu waliniletea chai, miwani, biskuti, kila kitu isipokuwa njia ya kupita. Nje kulikuwa na ua wa simenti na geti lililofungwa. Watu saba nyumba moja, na sijawahi kuwa mpweke vile. Kisigino kikakaza. Vidole vya mkono vikarudi kukunjamana kimoja kimoja, kile cha gumba mwisho. Neno "ukungu" likapotea tena, na safari hii hakuna aliyengoja lirudi.

Nikaanguka bafuni nikijaribu kusimama bila kumwita mtu. Resti alinikuta sakafuni, akakaa pale pale kwenye maji, kichwa changu mapajani mwake, akalia.

"Nilikuwa nakulinda, mama."

"Na maneno ya watu," nikamwambia. Ilinichukua muda mrefu kusema, na alingoja. "Siyo na kiharusi. Resti, nirudishe kwangu. Hapa nitakufa nimeketi."

Alifikiri siku mbili, kisha akaniwekea sharti. Ni mwanangu, masharti kayarithi. "Nitakurudisha mpaka mwisho wa kipupwe. Hapo nitakuja kukutazama, na nikiondoka utanisindikiza mpaka stendi, halafu utarudi mwenyewe mpaka nyumbani. Bila bodaboda. Ukiweza, kaa Karatu. Ukishindwa, tunauza cherehani unarudi hapa, na hatutabishana tena."

Nikakubali. Nilirudi Karatu mahindi yakiwa yanakauka shambani na asubuhi zina baridi ya kukata masikio. Jambo la kwanza, nilijikokota mpaka gereji ya Elia. Alikuwa chini ya gari, akatoka akijifuta mikono, lakini macho hakuyainua.

"Mzee alirudi Olbalbal, mama," alisema. "Niliyasikia maneno. Kanisani kwetu pia yalifika. Nikaona aibu kwa ajili yake, nikampeleka nyumbani."

"Ulimwuliza?"

"Mtu anamwulizaje baba yake jambo kama hilo?"

Kwa hiyo watoto wawili wema, kila mmoja na aibu yake, walikuwa wamewatenganisha wagonjwa wawili wasio na kosa. Nilipomweleza karatasi ya daktari inasemaje, Elia alikaa kwenye tairi kuukuu akashika kichwa. Kisha akapiga simu nyumbani, ikapokewa na mtu, ikapelekwa mpaka ikamfikia.

"Mama," Mzee alisema. "Unatembea?"

"Kidogo. Mguu umerudi nyuma."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Mimi pia," alisema. "Huku watu nafuata ng'ombe, na ng'ombe inatafuta maji mbali. Hapana ngoja mgonjwa." Halafu mtandao ukakatika. Elia alijaribu tena mara tatu, haikushika. Huniambia kwamba baba yake bado anainuka kila asubuhi. Sijamwona tena.

Karatasi yangu ilisema asitembee peke yake, na mimi nakuambia uifuate kama unaye wa kwenda naye. Mama Yasinta alikuja kuniomba radhi, akatembea nami siku mbili kwa nia njema kabisa, akiongea njia nzima, kisha mavuno yakamwita. Baada ya hapo nilikwenda peke yangu. Nilimeza vidonge vyangu kila siku, maana nilishajua miguu haifanyi kazi yake na ya vidonge. Nilifika mashine ya kusaga. Nilifika lami. Niliwahi kuanguka kwenye mtaro, nikakaa humo nikitazama anga mpaka nikakumbuka jinsi ya kuinuka: goti zima kwanza, fimbo, kisha lile jingine litafuata likitaka. Mara nyingi nilimsikia mtu akikohoa nyuma yangu, nikageuka, kumbe mpita njia.

Resti alikuja Jumapili kama alivyosema. Baada ya chakula akabeba begi lake, nami nikachukua fimbo yangu. Alikuja upande wangu wa kulia, kwenye ubovu, akatembea haraka, akasimama, akanisubiri, akatembea haraka tena.

"Punguza mwendo," nikamwambia.

"Nimepunguza, mama."

"Bado."

Mpaka tunakaribia soko alikuwa amejifunza. Watu walitutazama na yeye hakugeuza uso. Stendi akapanda gari, akakaa dirishani, akanitazama, nami nikasimama wima kadiri nilivyoweza mpaka gari likaingia barabarani.

Nikageuka. Jua lilikuwa bado juu. Nilivuka soko, nikavuka lami, nikaanza kilima. Karibu nusu yake mguu ulikataa. Haukuuma, ulikataa tu, kama ule uzi na ile sindano. Nikakaa kwenye jiwe kando ya njia, jasho linanitiririka na baridi ile. Bodaboda akapunguza mwendo, akauliza, "Mama, twende?" Nikatikisa kichwa. Akaondoka, na njia ikabaki tupu juu na chini.

Simu ikalia. Ilikuwa ni Resti, na nyuma yake nasikia gari linanguruma.

"Mama, umefika?"

"Nimefika."

"Kweli? Umeshakaa?"

"Nimekaa."

Alivuta pumzi, nikajua analia na anajificha kwa abiria. "Basi kaa hapo hapo, mama. Pumzika. Usiinuke."

"Sawa, mwanangu," nikasema. Nikairudisha simu kifuani, nikaishika fimbo, nikainuka.